Karafuu, Zambarau na Bi Harusi wa Kahama: Historia Iliyomo Ndani ya Singo



Leo hatuleti mshono mpya wala mapambo ya ukumbi. Leo tuna mazungumzo ya historia, na tunawaomba mtusome mpaka mwisho, hasa nyinyi mnaojiandaa kuolewa.

Sisi tunashona nguo za maharusi na kutengeneza singo katika ukanda huu wa machimbo, kuanzia Kahama mpaka Geita. Tumetoka visiwani na biashara imetuleta huku. Kila msimu wa harusi tunakutana na maneno yale yale. Bi harusi anakuja na shangazi yake, anachagua kitambaa, anataka na singo ya siku saba. Shangazi anaguna: "Hayo mambo ya karafuu ni ya watu wa pwani. Sisi Wasukuma mahari yetu ni ng'ombe, karafuu inatuhusu nini?" Tukirudi Unguja kununua mali, nako tunaulizwa kwa mshangao: "Kwani hata huko Shinyanga wanasingwa?"

Pande zote mbili zinaamini kwamba karafuu ni kitu cha kisiwani kisicho na ndugu bara. Historia inasema vingine, na si historia tamu yote. Lakini ni yetu, na mwanamke anayejipaka kitu mwilini usiku wa kuamkia ndoa yake ana haki ya kujua kimetoka wapi.

Karafuu ana dada huku bara

Tuanze na mti wenyewe. Wataalamu wa mimea wanauweka mkarafuu katika kundi linaloitwa Syzygium. Ni kundi kubwa mno, lenye aina zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki, na nyingine za Afrika. Kundi hilo lipo ndani ya familia kubwa zaidi ambayo mnaijua bila kujua, maana humo umo mpera na umo pia mkaratusi. Ukifikicha jani la mti wowote kati ya hiyo utasikia harufu. Majani yao yana vifuko vidogo vya mafuta, na hayo mafuta ndiyo yanayonukia.

Sasa katika kundi hilohilo la mkarafuu yumo mzambarau. Naam, mzambarau huu unaopandwa majumbani na kando ya barabara kwa ajili ya kivuli, ambao watoto wanakula matunda yake mpaka ulimi unabadilika rangi. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake, na hata jina letu linafanana na majina ya Wahindi, jambu na jamun. Lakini Afrika nayo ina mizambarau yake ya porini, isiyoletwa na mtu. Ipo inayoota kandokando ya mito na mabondeni, na ipo inayopenda ardhi ya majimaji kuzunguka Ziwa Viktoria. Wachunga ng'ombe wanaijua, wanakula matunda yake na kupumzika kivulini mwake.

Kwa hiyo shangazi anapotuambia kwamba ukoo wa karafuu haumhusu, tunamwonyesha kitambaa alichokishika mkononi. Rangi yake anaiita zambarau. Kiswahili kizima hakina neno lililozoeleka zaidi kwa rangi hiyo kuliko jina la tunda la mti huo. Kila bi harusi anayetuagiza gauni la zambarau la siku ya kitchen party analitaja kundi la mkarafuu kwa kinywa chake.

Karafuu ilivyofika Unguja

Mkarafuu si mti wa asili ya Zanzibar. Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, ambavyo leo vipo Indonesia, kama Ternate na Tidore. Harufu yake ilisafiri mbali zamani sana. China, wakati wa utawala wa Han, inasimuliwa kuwa watu wa barazani walikuwa wakitia karafuu kinywani kabla ya kuzungumza na mfalme, ili pumzi zao zisimuudhi. Waarabu waliijua kabla ya Uislamu, na mshairi Imru' al-Qays aliitaja harufu yake katika shairi lake mashuhuri. Neno letu karafuu linatokana na neno lao, qaranful.

Wareno walifika Maluku mwaka 1512. Baadaye Waholanzi waliitwaa biashara yote, wakaikata mikarafuu katika visiwa vingi na kuibakiza pale walipoweza kuilinda, ili bei isishuke. Siri yao ilivunjwa karibu na mwaka 1770, pale Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kupata miche na kuipanda Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, Mauritius na Réunion, ndipo karafuu ikaletwa Unguja katika miaka ya 1810. Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil, ndiye anayetajwa kuileta, na mashamba ya mwanzo yanatajwa kuwa Mtoni na Kizimbani.

Seyyid Said bin Sultan alipoona faida yake alihimiza kila mwenye shamba apande. Inasimuliwa kwamba aliamuru mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Yeye mwenyewe alihamishia makao yake Zanzibar, na alipofariki mwaka 1856 kisiwa kilikuwa kimebadilika kabisa. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kitovu cha karafuu mpaka leo.

Nani alichuma?

Hapa ndipo mazungumzo yanapokuwa mazito, na tunawaomba msituruke.

Karafuu unayoiona dukani ni tumba, yaani ua ambalo halijafunguka. Lazima lichumwe likiwa limeanza kuwa jekundu na kabla halijachanua. Likishachanua, thamani yake imeanguka. Kwa hiyo shamba zima linataka mikono mingi kwa wakati mmoja. Wengine wanapanda juu ya miti, wengine wanachambua tumba kutoka kwenye makonyo, wengine wanaanika juani na kuigeuza kwa siku kadhaa mpaka iwe kahawia na ngumu. Kilo tatu za karafuu mbichi zinatoa kama kilo moja ya karafuu kavu. Na msimu ukiisha bado kuna palizi.

Mikono hiyo ilipatikana kwa utumwa. Mwaka 1822 Waingereza walimtaka Seyyid Said atie saini mkataba wa kuzuia kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Soko la Mauritius na Réunion lilipobanwa, wafanyabiashara hawakuacha biashara yao. Waliona afadhali kuwatumia watu hao hapahapa na kuuza mazao yao badala ya kuwauza wenyewe. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipanda kwa mtindo huo. Watu wengi waliletwa kupitia Kilwa, kutoka kusini na upande wa Ziwa Nyasa. Wengine walitoka Manyema, na wengine walitoka katika nchi ya Unyamwezi na jirani zake.

Wengi wao walikuwa wanawake. Walilima, walichuma, walichambua. Na wako waliochukuliwa kuwa masuria majumbani. Sisi ni Waislamu, na wenye mashamba wengi walikuwa Waislamu kama sisi. Hatuna sababu ya kulificha hilo. Surat Al-Balad inapoeleza njia ngumu ya kupanda, jambo la kwanza linalotajwa ni kumwacha huru mtumwa. Wako waliolifuata hilo, wakaacha watu huru kwa kutafuta radhi za Mwenyezi Mungu, na wako waliolisoma kila siku na shamba likaendelea vilevile. Tukisema ukweli huu dini yetu haipungui kitu. Tukiuficha, tunawadhulumu wale wanawake mara ya pili.

Watu wa Shinyanga njiani

Je, watu wa huku walikuwa wapi? Walikuwa njiani. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wakubwa wa Afrika Mashariki katika karne ya 19. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi bara na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, sawa na kilo 32. Frasila ndiyo hiyohiyo iliyopimia karafuu Unguja. Pembe ya Tabora na karafuu ya Pemba zilipimwa kwa mizani ya aina moja, na wafanyabiashara walewale wa Zanzibar walizinunua zote mbili.

Neno Sukuma kwa Wanyamwezi maana yake ni kaskazini. Watu wa pwani hawakuwatofautisha sana. Msukuma aliyeshuka na msafara mpaka Bagamoyo aliitwa tu Mnyamwezi. Kwa hiyo dada wa Shinyanga anayesoma vitabu na kuona Wanyamwezi tu asidhani babu zake hawamo. Katika mwaka 1858 Mwingereza Speke alitoka Tabora kwenda kaskazini kutafuta ziwa, akapita katika ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Shinyanga, na Agosti akaliona ziwa upande wa Mwanza. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa India, akaja kupata uhuru wake huko. Mtu aliyeuzwa kama wale wa mashambani ndiye aliyemwongoza Mzungu katika njia hizi.

Misafara haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake wa Kinyamwezi walitembea na waume zao, wakabeba vyungu na watoto, wakapika kila kambi. Pamoja na vitambaa na shanga, wapagazi walibeba habari. Kiswahili, mapishi ya pwani na Uislamu vilipanda bara kwa miguu ya watu hao, vikatua kwanza Tabora, kisha vikasambaa kwenye vituo vilivyofuata.

Na tuwe waadilifu kwa pande zote. Watu wa bara hawakuwa waliodhulumiwa tu. Watawala na matajiri wa Unyamwezi nao waliteka watu, waliuza na walinunua, wakawafanya walime mashamba yao wakati vijana wao wapo safarini. Hakuna upande unaoweza kumnyooshea mwenzake kidole na mkono wake ukawa safi.

Kanga ya kwanza

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na Seyyid Barghash baada ya kushinikizwa na Waingereza. Utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa kisheria mwaka 1897. Lakini angalieni kitu kimoja ambacho wanawake wengi hatukufundishwa shuleni: amri ya 1897 haikuwagusa masuria kama ilivyowagusa watumwa wengine. Ilibidi wangoje mpaka mwaka 1909. Miaka 12 zaidi, kwa sababu tu kazi yao ya utumwa ilikuwa ndani ya nyumba.

Baada ya hapo karafuu iliendelea kuchumwa, ila sasa kwa ujira. Wanyamwezi walikuja visiwani kama vibarua, wengi wakifanya palizi ya mashamba. Safari hii walikuja kwa kutafuta, na wako waliobaki, wakaoa na kuzikwa huko. Leo Unguja na Pemba kuna familia nyingi ambazo bibi wa bibi yao alitoka bara.

Na wale wanawake waliokuwa watumwa walifanya nini na ujira wao? Hapa sisi mafundi cherehani tunapata somo letu. Wakati wa utumwa vazi lao lilikuwa merekani nyeupe isiyo na urembo, au kaniki. Mtumwa wa kike hakuwa na ruhusa ya kujitanda kichwa kama mwanamke wa kiungwana. Walipopata uhuru walizitupa kaniki na merekani, wakanunua kanga, wakajifunga na kujitanda. Baadaye wakavaa na buibui. Watu wengine wanaona kujifunika kwa mwanamke wa visiwani kuwa ni kitu alicholazimishwa tangu zamani. Kwa wanawake wale, kujifunika kulikuwa ni heshima waliyonyimwa, na mara walipoweza kuinunua kwa fedha yao waliinunua.

Ndiyo maana sisi tunaona uchungu tukisikia mtu anaita kanga, singo na udi mambo ya Waarabu, au mambo ya watu fulani wa pwani wenye majivuno. Desturi hizo zimejengwa pia na mabinti wa bara waliochuma karafuu zile.

Dhahabu na karafuu

Tunaoishi Geita hatuwezi kuandika haya bila kuitazama dhahabu. Wajerumani waliripoti kuwepo kwa dhahabu sehemu hizi mwaka 1898, mwaka mmoja tu baada ya ile amri ya Zanzibar. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Pembeni ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, na miongoni mwao wapo wanawake wengi. Wanaponda mawe, wanachekecha, wanapika chakula cha wachimbaji, wanaosha mchanga kwenye mialo. Wengine wanashika zebaki kwa mikono mitupu, hata wakiwa wajawazito, na zebaki ni sumu kwa mama na kwa mtoto aliye tumboni.

Hatusemi kwamba mialo ni utumwa. Wanawake hawa wamekwenda kwa miguu yao, na wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Tunasema kwamba bi harusi wa huku anavaa dhahabu na anapakwa karafuu siku moja, na vyote viwili vimepita katika mikono ya wanawake ambao hakuna aliyewataja katika khutba ya ndoa. Miaka 150 ijayo mjukuu atauliza habari za pete ile kama sisi tunavyouliza leo habari za karafuu. Tunapenda apate jibu zuri kuliko tulilolipata sisi.

Kwa bi harusi wetu

Basi ukiamua kusingwa, fanya ukijua. Nunua karafuu iliyo nzima, yenye kichwa cha mviringo juu, si vijiti vitupu, maana makonyo yana harufu hafifu na bei yake ni ndogo. Ibonyeze kwa ukucha. Ikitoa unyevu wa mafuta ni nzuri, ikiwa kavu kama kibiriti imekaa sana. Isage laini, ichanganye na liwa, mrehani, asmini au maua ya waridi, ukandie kwa marashi. Usijipake mafuta ya karafuu matupu, ni makali na yanaunguza ngozi. Jaribu singo kidogo ndani ya mkono kwanza, usubiri hadi kesho yake. Karafuu itakayobaki ifunge kwenye kitambaa uiweke kabatini katikati ya nguo zako. Zitanukia, na wadudu watakaa mbali.

Wakati somo wako anakusugua, mwambie akuhadithie. Kama hajui, mhadithie wewe. Mwambie karafuu ilitoka Maluku, ikafika Unguja, ikapandwa na kuchumwa na watu waliotolewa kwao kwa nguvu, na kwamba baadhi yao walitoka njia hizi hizi tunazopita na basi kwenda Tabora. Waombeeni dua wanawake wale ambao majina yao hatuyajui. Wengi wao walikufa Waislamu, na hawana wa kuwasomea zaidi yetu.

Na shangazi akiguna tena kwamba karafuu haiwahusu Wasukuma, mpeni zambarau zikiwa msimu wake, ale taratibu, kisha mwambieni amekula tunda la dada yake karafuu.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na awarehemu waliotutangulia. Aamin.